Biblia Iliyochongwa Ndani

Mwaka 1955 Flannery O'Connor, mwandishi Mkatoliki wa Marekani, alichapisha hadithi fupi iitwayo Good Country People. Kwa Kiswahili tungesema "Watu Wema wa Shamba". O'Connor aliishi Georgia, kati ya Waprotestanti wengi na Wakatoliki wachache, akafariki mwaka 1964 kwa ugonjwa wa lupasi akiwa na miaka 39. Tunaileta hadithi hii kwa sababu kitabu kinachotumika kudanganya ndani yake ni kile tunachokibeba sisi kila siku.

Bi. Hopewell anaishi shambani na binti yake Joy, mwenye miaka 32 na shahada ya udaktari katika falsafa. Alipokuwa na miaka kumi alipoteza mguu katika ajali ya bunduki mawindoni, na sasa anatembea kwa mguu wa mbao. Joy maana yake ni Furaha, lakini yeye amejibadilisha jina na kujiita Hulga, akichagua jina baya kuliko yote aliyoweza kufikiri. Haamini Mungu, na wanaoamini anawaona wajinga.

Siku moja anakuja kijana wa miaka 19, Manley Pointer, na sanduku zito jeusi. Anauza Biblia. Anajieleza kuwa mtu wa kijijini tu, mgonjwa wa moyo, anayetaka kumtumikia Mungu. Mama anavutiwa, maana msemo wake ni kwamba watu wa namna hiyo ndio chumvi ya dunia. Naye Hulga anapanga kumtongoza kijana ili amfundishe kwamba hakuna kitu cha kuamini. Kesho yake wanapanda ngazi hadi darini mwa ghala la nyasi kavu. Huko kijana anambembeleza amwonyeshe mguu unapoungana na mwili, kisha anauvua na kuuweka mbali asiufikie. Anafungua sanduku na kutoa Biblia. Ndani imechongwa kama kasha, na mna chupa ya pombe, karata zenye picha chafu na kiboksi cha kondomu. Hulga anapomkatalia, kijana anautia mguu sandukuni na kuondoka, akimwambia kwamba yeye hakuamini chochote tangu azaliwe.

Ni rahisi kusema mdanganyifu ni Pointer. Lakini tusome tena. Bi. Hopewell anamwambia kijana kwamba Biblia yake iko kando ya kitanda, kumbe iko darini, kusikojulikana. Hulga anamwambia kijana kwamba ana miaka 17. Baadaye anatangaza kwamba kati yao pasiwe na uongo, halafu anasema ana miaka 30! Hata katika kuungama amebakiza miaka miwili. Kila mmoja alikuwa na kisanduku chake chenye jalada zuri.

Kuhusu mguu, O'Connor mwenyewe alieleza katika mhadhara kwamba kwanza kabisa ni mguu wa mbao tu, na maana yake inaongezeka kadiri hadithi inavyosonga. Tunapenda maelezo hayo, kwa kuwa wengi wetu tukisikia neno "ishara" tunakimbilia maana na kusahau kitu chenyewe. Hulga anautunza mguu huo kama wengine wanavyotunza roho, kwa siri, na hakuna mwingine anayeugusa. Anasema haamini kitu, kumbe ana kitu chake kitakatifu. Mwizi alikiona upesi kuliko mama yake mzazi. Aliwahi kumwibia mwanamke mwingine jicho la kioo kwa njia hiyohiyo.

Mseminari wa falsafa atacheka kidogo akifika pale Hulga anapomkemea mama yake mezani kwa jina la Malebranche, kwamba sisi si nuru yetu wenyewe. Malebranche alikuwa padre Mfaransa. Binti anayajua maneno hayo kwa kichwa, halafu anapanda darini akiongozwa na nuru yake mwenyewe. Huko kijana anamvua miwani, naye hata hatambui. Mwishoni, bila miwani, anamwona yule mwizi akienda zake kama anayetembea juu ya ziwa la kijani. Msomaji wa Injili anajua ni nani aliyetembea juu ya maji, na hapo tunashtuka: je, ni dhihaka tu, au mwanamke huyu, aliyebaki bila mguu, bila macho na bila majivuno, ndiyo kwanza ameanza kuona? O'Connor hajibu.

Anatuhamishia malishoni nyuma ya nyumba, ambako Bi. Hopewell na Bi. Freeman, mke wa mpangaji wake, wanang'oa vitunguu. Wanamwona kijana akitokea msituni. Bi. Hopewell anasema kijana wa watu ni mnyofu mno. Bi. Freeman anamtazama akitokomea, kisha anarudi kwenye kitunguu chake chenye harufu kali na kusema kwamba yeye asingeweza kamwe kuwa mnyofu kiasi hicho.