Vimeng'enya vinavyoamshana ili seli ife

SELI ya binadamu haifi kwa ajali tu. Nyingi hufa kila siku kwa mpango maalumu, na bila kifo hicho vidole vya kijusi tumboni havingeachana. Mnamo 1972 watafiti John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa jina la apoptosisi.

Silaha inayotumika ni kundi la vimeng'enya viitwavyo kaspesi, ambavyo hukata protini nyingine penye asidi ya amino ijulikanayo kama aspatiki. Je, seli hubebaje makali hayo maisha yake yote bila kujidhuru?

Kaspesi huundwa zikiwa zimelala, mfano wa kisu kilicho alani. Ala hiyo ni sehemu ya protini iyo hiyo, nayo hukatwa penye alama ile ile ya aspatiki. Ndiyo maana kaspesi moja iliyo macho huweza kuamsha nyingine.

Lakini ya kwanza huamshwa na nani? Seli inapoharibika vibaya, mitokondria, ambazo ni vinu vyake vya nguvu, huvujisha protini ya saitokromu c. Kundi la Xiaodong Wang nchini Marekani lilitangaza mnamo 1996 kwamba protini hiyo, iliyojulikana kwa kazi ya kupumua tu, ndiyo huanzisha mauti.

Saitokromu c hushikana na protini ya Apaf-1, na jozi saba za namna hiyo hujipanga kama gurudumu. Kaspesi-9 hukusanyika hapo, na kule kukusanywa pamoja huziamsha hata kabla hazijakatwa.

Tangu hapo mambo huenda mbio. Kaspesi-9 hukata kaspesi-3 na kaspesi-7. Kaspesi-3 nayo huamsha kaspesi-6, kisha hurudi kuikata kaspesi-9 yenyewe, na moto huzidi kuwaka. Kimeng'enya cha kukatakata DNA hufunguliwa, na nguzo za kiini cha seli hubomolewa.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, hili si suala la maabara pekee. Saratani ya taya ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mnamo 1958 akiwa Uganda, na ambayo ingali huwapata watoto wa magharibi mwa Kenya, hutokana kwa sehemu na jeni ya MYC iliyohama mahali pake. Jeni hiyo huisukuma seli igawanyike, na papo hapo huisukuma ife. Uvimbe hushamiri seli zinapokaidi amri hiyo ya pili, kwa mfano protini ya p53 inapoharibika.

Hata hivyo, si zote hukaidi. Chini ya hadubini, seli za kinga zinazomeza maiti za wenzao huonekana kama nyota katika anga la usiku, na picha hiyo huwasaidia madaktari kuutambua ugonjwa.

Dawa kama vile siklofosfamidi huharibu DNA ya seli hizo hadi mlolongo wa kaspesi uanze, na uvimbe huweza kunywea kwa siku chache. Kasi hiyo ina hatari yake: seli zikifa nyingi kwa pamoja, mabaki yake huingia katika damu na kuzilemea figo. Kwa hivyo mtoto hutiwa maji mengi mwilini kabla ya dawa ya kwanza, na damu yake hupimwa mara kwa mara.