Baada ya Upasuaji, Mgonjwa Asiachwe Peke Yake

Katika familia nyingi za Bujora, Kisesa na vijiji vya jirani, nusukaputi huogopwa kuliko kisu chenyewe. Ndugu hukaa nje wakiwa na wasiwasi, na mgonjwa akitolewa akiwa hai, kila mmoja hushusha pumzi. Mwezi huu tunaeleza kwa nini saa hiyo si ya kumwondolea macho.

Utafiti unaonyesha nini?

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, kwa wagonjwa zaidi ya 11,000. Upasuaji uliofanyika kwa wingi zaidi ulikuwa ule wa kujifungua. Kati ya kila wagonjwa 100, wapatao 2 walifariki. Kiasi hicho ni mara mbili ya wastani wa dunia. Zaidi ya vifo 9 katika kila 10 vilitokea baada ya siku yenyewe ya upasuaji. Basi hatari kubwa ilikuwa wodini, si mezani pa daktari.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio lililofuata. Wagonjwa wenye hatari kubwa waliongezewa uangalizi: kupimwa mara nyingi zaidi, kulazwa karibu na meza ya wauguzi, na ndugu kuruhusiwa kukaa nao. Hata hivyo vifo havikupungua vya kutosha. Kuagiza uangalizi ni rahisi; kuutekeleza usiku, wauguzi wakiwa wachache, ni kazi nyingine.

Lakini yapo ya kutia moyo. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa mojawapo ya hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani. Kabla ya kukata, wahudumu husoma kwa sauti: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, je, dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa, kwa hospitali zote 8 pamoja, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100. Kwa hiyo mgonjwa akiulizwa jina lake mara tatu, asikasirike. Huo ni ulinzi wake.

Kabla ya upasuaji

Kwa kawaida mgonjwa huacha chakula saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla. Mtoto mchanga huacha ziwa la mama saa 4 kabla. Fuateni saa mliyopewa na hospitali yenu. Sababu ni hii: mtu akilazwa kwa nusukaputi, koo nalo hulala. Chakula kikipanda kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni na kuua. Wapo ndugu wanaompa mgonjwa uji kwa siri kwa kumhurumia. Huruma hiyo ni ya hatari. Akiwa amekula, semeni. Upasuaji usio wa dharura unaweza kusogezwa mbele.

Mwambieni pia mtaalamu wa usingizi kuhusu pumu, presha, kisukari, dawa zinazomdhuru, na dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba. Hatuulizi ili kumlaumu mtu.

Wodini

Mwacheni ndugu mmoja anayeweza kukesha, si kundi la watu. Mwiteni muuguzi mara moja mkiona:

1. anapumua kwa shida, haraka mno au polepole mno;
2. damu inalowanisha bandeji au shuka, au mzazi anatokwa na damu nyingi;
3. amechanganyikiwa, au ni vigumu kumwamsha;
4. ana homa au anatetemeka;
5. hapati mkojo, au tumbo linavimba na kuuma zaidi.

Msingoje daktari apite asubuhi, wala msione haya kumwita muuguzi mara ya pili.

Nyumbani napo, kidonda kikitoa usaha, kikivimba au kikifunguka, mrudisheni hospitali. Msikipake majani wala majivu. Mzazi akirudi nyumbani aangaliwe hivyo hivyo, hata kama mtoto ana afya njema na wageni wamejaa uani kumpongeza.

Sisi wauguzi tunapita kitanda hadi kitanda. Ninyi mmekaa na mmoja tu, na mnamjua tangu utotoni. Mkiona hayuko kama kawaida yake, tuambieni.