Kasida Isiyo na Mwimbaji



Ijumaa ya tarehe 15 Machi, 2019, mjini Christchurch, New Zealand, muuaji mmoja aliendea msikiti huku wimbo wa chuki ukilia garini mwake. Waumini 51 waliuawa katika misikiti miwili. Na kundi lijiitalo Dola ya Kiislamu nalo liliunda idara yake ya kasida, iitwayo Ajnad. Twayataja yote mawili makusudi, kwani maradhi haya si ya watu wa dini moja.

Zamani kasida ilihitaji mtunzi na mwimbaji. Leo mchochezi huiandikia mashine maneno machache, na kwa dakika chache hupata wimbo kamili, kwa lugha aitakayo, katika sauti tamu ya mtu asiyekuwapo duniani. Mashine ikikataa maneno ya wazi ya kuua, huyafumba kwa sifa za mashujaa na machozi ya mayatima. Hapo ndipo kijana hunaswa, maana lahani haihojiwi kama ihojiwavyo hotuba. Nasi hatuoni kuwa amri ya kuhakiki habari, iliyomo katika Suratul Hujurat, imeisamehe habari iliyoimbwa. Mzazi na asikilize pamoja na mwanawe, kisha amuulize: maneno haya yanamtaka nani afe?