Buluu ya Ziwa na Kalamu ya Daktari

Mtoto wa Nyanza-Lac akiuliza kwa nini maji ya Tanganyika ni ya buluu, wengi wetu humjibu kwamba ziwa linaakisi mbingu. Ndivyo walivyoamini hata wanasayansi wakubwa wa Uingereza, mpaka mwanafizikia wa India, C. V. Raman, alipolikataa jibu hilo akiwa melini.

Ilikuwa mwaka 1921, meli ikivuka Mediterania. Raman alikuwa na mche wa Nicol, kipande cha fuwele kinachoweza kuzima mng'ao wa uso wa maji. Akauzima, na bahari ikazidi kuwa buluu! Rangi ile, basi, ilitoka ndani ya maji yenyewe, na Raman akaeleza kwamba molekuli zake huutawanya mwanga. Februari 1928, mjini Calcutta, yeye na K. S. Krishnan wakaona la ajabu zaidi: ukimulika kimiminika kwa mwanga wa rangi moja, sehemu ndogo mno hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo. Kila molekuli ina mtetemo wake, na mwanga hutoka na alama ya mtetemo huo. Raman akapewa Nobel mwaka 1930.

Alama hiyo ndiyo inayotafutwa leo kwenye ubongo uliofunguliwa kwa upasuaji wa saratani. Glioma, uvimbe unaoota ndani ya ubongo, haina ganda. Hupenya pole pole katika sehemu salama za ubongo hata hadubini ya chumba cha upasuaji ishindwe kuona mpaka. Daktari akiacha masalia, uvimbe huota tena. Akikata kupita kiasi, mgonjwa huenda akaamka hawezi kusema. Kupeleka kipande maabara ni kusubiri nusu saa hivi, fuvu likiwa wazi, na jibu ni la kipande hicho kimoja tu.

Huko Montreal, Kanada, daktari Kevin Petrecca na mhandisi Frédéric Leblond walitengeneza kifaa cha kushikwa kama kalamu. Ncha yake hugusa ubongo, leza humulika, na kwa sekunde 0.2 mwanga uliorudi umeshapokelewa ili kompyuta iusome. Matokeo ya wagonjwa 17 yalichapishwa mwaka 2015: katika kila sehemu 100 zenye saratani, kalamu ilizitambua 93, katika kila 100 zilizo salama, 91. Hizo zilizokosewa ni ubongo wa mtu, kwa hiyo uamuzi wa kukata hubaki mkononi mwa daktari.

Taabu kubwa ni kwamba mwanga wenye alama ni hafifu sana, na chumba cha upasuaji kimejaa taa. Wavuvi wetu wa ndagala wanaielewa taabu hiyo kuliko wengi: mwezi ukiwa mpevu, taa zao hazivuti samaki, na mitumbwi hulala ufukweni. Mwaka 2016 watafiti wa Montreal walionyesha kwamba kompyuta inaweza kufundishwa kuitambua alama hiyo hata taa za chumbani zikiingilia.