Jeli Inapokunywa Maji, Mwanga Ndio Mpima

Kinkondja iko kando ya Ziwa Kisale, mkoani Haut-Lomami nchini Kongo (DRC), katika eneo la mabwawa, mbu na malaria. Kwinini inajulikana huko kama dawa chungu. Katika fizikia ina sifa nyingine: mwaka 1852 George Stokes wa Cambridge alieleza kwamba mmumunyo wake, ukipigwa na miale ya urujuanimno tusiyoiona, hutoa mwanga wa buluu. Tabia hiyo huitwa fluoresensi. Ukitia chumvi ya mezani, mwanga hufifia, kwa kuwa ioni za kloridi huunyang'anya nishati. Molekuli inayong'aa, basi, hutoa habari za majirani zake.

Majirani hao wanaweza kuwa maji yaliyomo ndani ya jeli. Jeli ya polima ni wavu wa minyororo mirefu ya molekuli iliyofungana kwa mafundo. Maji yakiingia minyororo hutanuka, na mafundo huzuia wavu usiyeyuke. Chembe nyeupe zilizo ndani ya pampasi ni jeli kavu ya aina hiyo. Katika maji safi hunywa mara mamia ya uzito wake. Katika maji ya chumvi kiasi hicho hupungua sana, na mkojo una chumvi, kwa hiyo majaribio ya maji ya bomba humpendeza zaidi muuzaji kuliko mama wa mtoto.

Mizani inatosha kujua jeli imekunywa kiasi gani. Lakini kila mara ni lazima kipande kitolewe, kifutwe, kipimwe, kirudishwe, na jeli laini haipendi kushikwashikwa.

Önder Pekcan na wenzake mjini Istanbul walichukua njia ya mwanga. Walitumia karajinani, utomvu wa mwani. Aina yake ya kapa hutoka kwenye kotonii, mwani ambao wakulima wa Zanzibar huutamani kwa bei yake lakini huwafia bahari ikipata joto. Jeli ilitiwa rangi ing'aayo iitwayo piranini, ikakaushwa, kisha ikawekwa kwenye mvuke wa maji huku taa ikiimulika. Kadiri mvuke ulivyopenya, ndivyo mwanga wa piranini ulivyopungua, na mchoro wa kupungua huko ukawapa kasi ya kuvimba bila mkono kuigusa jeli.

Hesabu ya kuusoma mchoro huo inatokana sana na kazi ya Toyoichi Tanaka wa chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1979, yeye na David Fillmore walionyesha kwamba muda wa kuvimba hufuata mraba wa ukubwa: tufe la jeli lenye kipenyo maradufu huhitaji muda mara nne. Ndiyo maana jeli ya pampasi husagwa kuwa chembe ndogo.

Rangi nayo ina udhaifu wake. Huweza kuvuja kutoka kwenye jeli iliyozama majini, au kuchujuka kwa kumulikwa mno, na mwanga ukashuka bila tone jipya kuingia. Kwa hiyo maabara makini huweka pembeni kipande pacha cha jeli hiyohiyo, na hicho hupimwa kwa mizani.