Unene Uliozidi na Amana ya Mwili

Katika jamii yetu ya pwani, mke akinenepa husemwa kuwa ametunzwa. Sifa hii yafaa tuitazame upya, kwani mafuta yanayorundikana tumboni hupandisha shinikizo la damu, huleta kisukari na huuchosha moyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha watu wapatao 900,000, wengi wao wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ulibainisha hasara yake. Kwa kipimo hicho, mtu wa urefu wa sentimita 160 mwenye kilo 77 hadi 90 hupungukiwa na umri kwa wastani wa miaka 2 hadi 4. Mwenye kilo 102 hadi 115, miaka 8 hadi 10.

Ajali imo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini mwili ni amana, na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuacha tumboni theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi.

Basi, mama na dada zetu, nasi waume pamoja nanyi, tupunguze sukari katika chai, mahamri yasiwe ya kila asubuhi, na tutembee nusu saa kila siku. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 tu, tayari moyo hupata nafuu. Mola atuwafikishe. Amin.