Kisanduku kipo garini, punguzo la bima halipo

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

MFANYABIASHARA wa viazi katika soko la Uyole jijini Mbeya hawezi kutoa bei moja kwa gunia la viazi safi na gunia lililochanganywa na viazi vilivyooza. Atalifungua, atachambua, ndipo ataje bei. Mnunuzi wa mbao kule Mafinga, mkoani Iringa, naye huigeuza mbao na kuitazama kama imenyooka kabla hajaingiza mkono mfukoni.

Soko la bima ya magari halifanyi hivyo. Kijana aliyepata leseni mwezi uliopita na mzee aliyeendesha miaka 30 bila kugusa gari la mtu, wakiwa na magari ya thamani moja na matumizi ya aina moja, hupangiwa kiwango kimoja. Kinachochambuliwa ni gari, siyo mtu aliyeshika usukani.

Katika nchi nyingine yamepatikana maarifa ya kulifungua gunia. Gari la kijana hufungwa kisanduku kidogo kinachoandika jinsi anavyoendesha, na kampuni ya bima hupanga ada kwa kufuata maandishi hayo. Anayeendesha vizuri hupunguziwa, anayekimbiza gari hovyo huongezewa au hufutiwa mkataba.

Msomaji wa Mbeya au Iringa anaweza kudhani hayo ni mambo ya Ulaya. Ukweli ni kwamba visanduku vya aina hiyo vinapita kila siku katika barabara kuu ya TANZAM, kutoka Kitonga hadi Mbalizi. Tofauti ni kwamba taarifa zake haziendi kwenye bima, na kijana anayeendesha vizuri hapati hata senti moja kutokana nazo.

Kinavyofanya kazi

Kisanduku hicho kina mambo matatu makubwa. Kwanza, kipokezi cha GPS kinachosoma kutoka kwenye satelaiti gari liko wapi na linakwenda kwa kasi gani. Pili, kipimo cha mitikisiko kinachotambua breki ya ghafla, kona iliyokatwa kwa nguvu, au kugongwa. Tatu, laini ya simu inayotuma taarifa hizo kwenye kompyuta ya kampuni.

Kompyuta hujumlisha yote: kilomita zilizotembewa, mwendo, breki, kona na saa za safari. Mwishoni hutoka alama, kama mwanafunzi anavyopewa alama za mtihani. Siku hizi hata simu ya mkononi yenye programu maalumu inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kampuni ya Progressive ya Marekani ilifanya majaribio ya bima ya namna hii katika jimbo la Texas mwishoni mwa miaka ya 1990. Huko Uingereza, kampuni ya Norwich Union ilianzisha mpango wake mwaka 2006, lakini wateja walikuwa wachache, na mwaka 2008 mpango ukasimamishwa. Biashara ilifufuka mwaka 2010 ilipoanza kampuni ya insurethebox, iliyolenga hasa madereva vijana.

Jambo jingine lililoisukuma ni sheria. Kwa miaka mingi wasichana wa Ulaya walilipa ada ndogo kuliko wavulana kwa sababu walipata ajali chache. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba huo ni ubaguzi, na kuanzia tarehe 21 Desemba 2012 bei kwa kufuata jinsia ikapigwa marufuku. Kampuni zikahitaji njia nyingine ya kumtambua dereva mwangalifu, na kisanduku kikawa jibu mojawapo. Karibu na kwetu zaidi, kampuni ya Discovery Insure ya Afrika Kusini inatumia utaratibu unaofanana na huo tangu mwaka 2011.

Si kwamba kampuni za bima zinawaonea vijana. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, na kwamba kiasi cha watu milioni 1.19 hufa kwa ajali hizo kila mwaka duniani.

Hesabu ya Mwanjelwa

Sasa tuirudishe hesabu hii nyumbani. Tuchukue mfano wa kijana wa Mwanjelwa mwenye gari dogo lililotumika Japani, la thamani ya shilingi milioni 12.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kuwa na bima ya kulinda watu wengine, ile ambayo wengi tunaiita bima ndogo. Kwa kiwango kilichozoeleka, ada yake ni sh. 100,000 kabla ya VAT. Akitaka bima kubwa, inayolipa pia hasara ya gari lake, kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani. Hiyo ni sh. 420,000, nayo kabla ya VAT.

Vijana wengi huchagua ile ndogo, wakaonyesha stika kwa trafiki na safari ikaendelea. Lakini siku breki zinapomshinda katika mteremko wa Iwambi na kuligonga lori kwa nyuma, bima ndogo italitazama lori. Gari lake la milioni 12, ambalo pengine limenunuliwa kwa mkopo wa kikundi au kwa fedha za shamba la baba, litabaki gereji bila mlipaji.

Tuseme kampuni inamwahidi punguzo la asilimia 20 la bima kubwa akikubali kisanduku. Atakuwa ameokoa sh. 84,000 kwa mwaka. Tuseme tena kisanduku na ufundi wa kukifunga ni sh. 150,000, na laini na huduma ni sh. 10,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza gharama ni sh. 270,000. Hata mwaka wa pili, kisanduku kikiwa kimeshalipiwa, huduma peke yake ni sh. 120,000. Kijana ameokoa 84,000 kwa kutumia 120,000. Hiyo siyo biashara.

Kwa makadirio hayo, ili punguzo lilipe huduma ya mwaka peke yake, gari lazima liwe la thamani ya zaidi ya sh. milioni 17. Ili lilipe gharama yote mwaka wa kwanza, lazima lizidi sh. milioni 38. Gari la kwanza la kijana wa Ipogolo au Soweto haliko huko.

Kwa hiyo anayetaka kuileta bima hii nchini kama ilivyo Uingereza atakwama hapo hapo. Ada za Uingereza kwa kijana ni kubwa mno, hivyo punguzo lake lina nafasi ya kulipia kisanduku. Ada zetu ni ndogo, na kisanduku hakipungui bei kwa sababu mnunuzi anatoka Mbeya.

Kilichokwisha kulipiwa

Lakini hesabu inabadilika kabisa pale kisanduku kinapokuwa kimeshafungwa kwa sababu nyingine.

Mabasi ya masafa marefu yamefungwa vifaa vya mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, VTS. Kazi hiyo ilianza enzi za SUMATRA na sasa iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mfumo huonyesha basi liko wapi na kama limezidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Umuhimu wake uliongezeka zaidi mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi.

Nje ya mabasi, wenye malori hufunga GPS ili kujua mzigo umefika wapi na mafuta yamekwenda wapi. Wakopeshaji wa magari, bajaji na pikipiki hufunga ili mkopaji asitoroke na dhamana. Gharama imeshabebwa, na taarifa zinakusanywa usiku na mchana.

Tatizo ni kwamba kila taarifa ina mwelekeo mmoja. Mdhibiti huitumia kuadhibu, tajiri huitumia kukata mshahara, na mkopeshaji huitumia kukamata gari. Dereva wa miaka 24 aliyeshuka Kitonga mara 200 bila kosa hana karatasi yoyote ya kuonyesha. Akiacha kazi leo, rekodi yake inabaki kwa tajiri.

Chuoni tulifundishwa kwamba soko lisilotofautisha mzuri na mbaya huwafukuza wazuri. Mwangalifu huona analipia makosa ya wengine, hukimbilia bima ndogo, na kampuni hubaki na wale wanaogonga. Mwisho wake ada hupanda kwa wote.

Deiwaka

Ipo hoja kwamba hapa kwetu gari moja huendeshwa na watu wengi. Ni kweli. Daladala ya Mbalizi inaweza kuanza siku na dereva wake na kumaliza siku mikononi mwa deiwaka. Alama za kisanduku zitakuwa za nani?

Jibu limeshaanza kupatikana kwenye mabasi hayo hayo. LATRA imeleta kitufe cha utambuzi ambacho dereva hujitambulisha nacho kabla ya kuanza safari, ili ijulikane nani alikuwa usukanini. Kwa mara ya kwanza rekodi inaweza kumfuata mtu badala ya kubaki kwenye namba ya gari. Kwa soko la bima hilo ni jambo kubwa kuliko kisanduku chenyewe.

Hoja nyingine ni ya barabara zetu. Kipimo kilichotengenezwa kwa tambarare kitamwona kila dereva wa Iringa kuwa mhalifu. Kona za Kitonga hazikatiki kwa upole kama barabara ya uwanda, na ukungu wa Isyonje katika njia ya Tukuyu humlazimisha hata mwangalifu kushika breki ghafla. Kisanduku kinachotoza zaidi safari za usiku kitamkamua pia anayebeba ndizi na viazi kwenda Dar es Salaam, kwa sababu mzigo unaowahi soko la alfajiri hauwezi kuondoka asubuhi. Alama za Nyanda za Juu Kusini lazima zipimwe kwa barabara za Nyanda za Juu Kusini.

Nani mwenye taarifa

Aidha, suala la nani mwenye taarifa lisiachwe. Kujua gari la mtu lilikuwa wapi saa nane usiku ni kuyajua maisha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti kwa wanaokusanya taarifa za watu, na imempa mhusika haki ya kuziona. Dereva akiijua haki hiyo anaweza kuigeuza kuwa mtaji: akaomba rekodi yake, akaipeleka anakotaka.

Kwa upande wa kampuni, kikwazo ni viwango. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imekuwa ikitoa viwango vya chini vya ada ili kampuni zisishindane kwa bei mpaka zikose fedha za kulipa fidia. Nia ni njema. Soko letu bado ni changa: Shirika la Bima la Taifa lilifanya biashara hii peke yake tangu 1967 mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Lakini kiwango cha chini kisichotazama dereva kinaziba pia nafasi ya kumtuza mwangalifu. Punguzo kwa rekodi iliyothibitishwa si sawa na kampuni kugawa bima bure ili kupata wateja.

Njia ya kuanzia haihitaji mtaji mkubwa. Mwenye malori kumi au mabasi matano anaweza kwenda kwa wakala wa bima na taarifa za mwaka mzima za GPS na kudai masharti bora kwa msafara wake. Vyama vya madereva na vyama vya akiba na mikopo vya bajaji vinaweza kufanya hivyo kwa pamoja, kwa sababu kampuni husikiliza kundi kuliko mtu mmoja.

Kwa kijana anayejiandaa kununua gari la kwanza, ushauri wa ukurasa huu ni wa kawaida lakini una fedha ndani yake. Ulize kabla ya kulipa kama kuna punguzo kwa asiyedai fidia, na kama linahama nawe ukibadili kampuni. Soma kifungu cha dereva mgeni, kwa sababu baadhi ya mikataba ya bima kubwa humtaka abebe sehemu kubwa zaidi ya hasara ajali ikitokea akiwa usukanini. Hakikisha stika yako ya kielektroniki inaonekana katika mfumo wa TIRA. Na kama gari ulilokabidhiwa lina GPS ya tajiri au ya mkopeshaji, omba nakala ya rekodi yako kila baada ya miezi sita na uitunze pamoja na leseni.

Viazi vya Uyole vimepata bei kwa sababu mnunuzi huvifungua na kuvitazama. Taarifa za dereva wa Mbeya na Iringa zimeshajaa gunia. Bado hajatokea mnunuzi wa kulifungua.